Eko, eksirei, siti skani au angiografia: ipi itangulie moyo ukipata dharura?

Kifua kinabana, jasho jembamba linamtoka mgonjwa, na daktari wa zamu anatakiwa aamue picha ya kuagiza. Akiuliza mashine ipi ni bora kupita zote hatajibiwa, kwa sababu siti skani inayofichua mchaniko wa aorta, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, karibu bila kukosea ndiyo hiyohiyo inayoweza kumponza mgonjwa ambaye presha imeshuka, akiwa kalazwa peke yake kwenye chumba cha mionzi, wahudumu wakimtazama kupitia kioo. Kwa hiyo sitazipanga mashine hizi kwa madaraja. Nitazilinganisha kwa maswali mawili: unashuku ugonjwa gani, na mgonjwa anaweza kuondolewa hapo alipo?

Swali la pili ndilo husahaulika. Mashine ya eko, yaani ultrasaundi ya moyo, huja kitandani, na eksirei ya magurudumu vilevile. Siti skani, MRI (picha ya sumaku) na maabara ya katheta, ambako angiografia hufanywa kwa mrija unaopitishwa hadi kwenye mishipa ya moyo, hazisogei. Mgonjwa ndiye anayekwenda. Safari hiyo ina gharama yake: kupanga upya nyaya za monita, kubeba mtungi wa oksijeni, kusubiri lifti, kisha kumlaza chali mtu ambaye mapafu yamejaa maji na anapata pumzi akiwa amekaa tu. Skani yenyewe huisha kwa sekunde chache. Kinachokula nusu saa ni yote yanayoizunguka.

Kabla ya picha yoyote

ECG, kipimo cha umeme wa moyo, si picha, lakini ulinganisho wowote unaoiruka umepotea njia. Inatakiwa ipigwe na isomwe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Sehemu ya mchoro wake inayoitwa ST ikiwa imepanda kwa mtu mwenye dalili za mshipa wa moyo kuziba, mjadala wa picha unafungwa mapema: aende maabara ya katheta. Kama haiwezekani kumzibua huko ndani ya dakika 120 tangu atambuliwe, apewe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mradi maumivu hayajapita saa 12 na hana sababu ya kuikataza dawa hiyo. Kumwagizia mtu huyo siti skani ya mishipa ya moyo "ili tuhakikishe" ni kuiacha misuli ya moyo ife huku tunatafuta uhakika ambao tayari tunao.

Troponini, protini inayovujia kwenye damu misuli ya moyo inapoumia, nayo hupimwa mapema, kisha hurudiwa baada ya saa 1, 2 au 3 kutegemea aina ya kipimo na utaratibu wa hospitali. Inaeleza kwamba misuli ya moyo imeumia. Haielezi imeumizwa na nini. Hupanda mshipa wa moyo unapoziba, hupanda donge la damu linapokwama mapafuni, hupanda misuli ya moyo inapovimba kwa maambukizi, na hata kwa mgonjwa wa figo wa muda mrefu asiye na dharura yoyote. Hapo ndipo picha inapopata kazi: si kuthibitisha kwamba kuna tatizo, bali kutenganisha matatizo yanayofanana.

Mgonjwa ambaye presha imeanguka: eko, na haina mpinzani

Mwaka 1953, huko Lund, Uswidi, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walirekodi mwendo wa moyo kwa mawimbi ya sauti wakitumia kifaa cha kutafutia kasoro ndani ya vyuma, walichokiazima kwenye karakana ya meli. Leo probu, kichwa cha mashine kinachogusa kifua, inaingia mfukoni na skrini yake ni simu. Kwa mgonjwa anayezimika mbele yako, sioni kifaa kingine cha kushindana nayo.

Eko ya dharura haiulizi mengi. Je, kuna maji yanayozunguka moyo? Upande wa kushoto unasukuma vizuri au umechoka? Upande wa kulia umevimba kupita kushoto? Mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka tumboni umejaa au umesinyaa? Kuna valvu iliyoharibika waziwazi? Majibu hayo hupatikana ndani ya dakika chache, na kila moja linageuza matibabu. Moyo uliochoka hautaki chupa tatu za maji ya mshipani. Moyo mdogo unaopiga kwa kasi huku mshipa ule umesinyaa unayataka, na upesi.

Tamponedi, hali ya moyo kubanwa na maji au damu iliyojaa kwenye mfuko unaouzunguka, ndiyo inayoonyesha wazi tofauti kati ya mashine hizi. Kivuli cha moyo kwenye eksirei hakikui hadi maji yafike takribani mililita 200 hadi 250. Lakini maji yakiingia kwa ghafla, kama baada ya jeraha la kisu, mililita 150 zinatosha kuua. Mfuko wa moyo ni kama ngozi mpya ya ngoma: ukiuvuta kwa wiki nyingi utalegea na kubeba zaidi ya lita moja, ukiuvuta kwa ghafla hautoi nafasi. Kwa hiyo eksirei inaweza kuwa safi na mgonjwa akawa anakata roho. Eko huyaona maji, huona chemba za kulia zikibonyea pale zinapopaswa kujaa, na zaidi ya hapo humwongoza daktari anapoingiza sindano ya kuyatoa. Isipokuwa mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa moyo hivi karibuni. Kwake damu huganda na kujificha nyuma ya moyo, ambako probu ya kifuani haifiki vizuri. Huyo anahitaji eko ya kupitia umio, au siti skani akiwa anaweza kwenda.

Moyo ukisimama kabisa, eko bado inasaidia, ila ina mtego. Ukaguzi wa mapigo haupaswi kuzidi sekunde 10, na mtu mwenye probu mkononi husahau saa. Njia iliyo salama ni kuweka probu mahali pake wakati kifua bado kinasukumwa, kurekodi kipande kifupi mikono inapoinuka, kisha kukiangalia kusukuma kukiwa kumeanza tena. Picha nzuri iliyopatikana kwa kusimamisha usukumaji wa kifua sekunde 20 ni hasara.

Udhaifu wake? Unategemea mkono na jicho. Mgonjwa mnene, mwenye mapafu yaliyotanuka kwa hewa, au aliyefungwa bandeji kifuani anaweza kukunyima dirisha lolote la kuona. Na kuna tofauti ya msingi kati ya eko fupi ya dharura na eko kamili ya mtaalamu, ambayo watu huiweka kapu moja. Eko fupi ikikuonyesha kitu, kiamini. Isipokuonyesha, maana yake haijaona tu. Ukuta wa moyo usiocheza vizuri unaweza kuwa kovu la miaka mitano iliyopita, na ukuta unaocheza vizuri baada ya maumivu kuisha haufuti uwezekano kwamba saa moja kabla mshipa ulikuwa umebana.

Mgonjwa anayehema: eksirei au ultrasaundi ya mapafu?

Hapa mazoea yana nguvu kuliko ushahidi. Mgonjwa akifika anahema, mkono wa daktari huandika eksirei ya kifua kabla akili haijauliza. Si kosa, ila tujue mipaka yake. Takribani mgonjwa 1 kati ya 5 mwenye moyo ulioshindwa kazi ghafla huwa na eksirei isiyoonyesha msongamano wa maji. Na ile inayopigwa mgonjwa akiwa kitandani, mionzi ikitokea mbele, huukuza moyo. Kupima upana wa moyo kwenye picha hiyo na kutangaza "moyo mkubwa" ni kujidanganya.

Ultrasaundi ya mapafu hutafuta mistari myeupe inayoshuka wima kutoka kwenye utando wa pafu hadi chini ya skrini, inayoitwa mistari B. Ikionekana mitatu au zaidi katika nafasi moja, na hali hiyo ikajirudia kwenye maeneo mawili au zaidi ya kila upande, mapafu yameloa. Katika kutambua maji yanayotokana na moyo, njia hii inaipita eksirei kwa wepesi wa kugundua. Haina mionzi, na inaweza kurudiwa baada ya dawa ya kupunguza maji kuona kama mistari inapungua. Lakini mistari B huonekana pia kwenye nimonia na kwenye mapafu yenye makovu, kwa hiyo mpangilio wake una maana kuliko kuwapo kwake: ya moyo huenea pande zote mbili, ya nimonia hukusanyika sehemu moja.

Eksirei haijastaafu. Inaonyesha kifua kizima kwa mtazamo mmoja, inaonyesha kama mrija wa kupumulia umekaa mahali pake, na huacha picha ambayo mtu mwingine ataisoma kesho bila kukuuliza ulishika probu vipi. Kama vyote viwili vipo, ningeanza na probu, nianze matibabu, kisha niagize eksirei. Kama kipo kimoja tu, kitumie bila kuona haya.

Aorta iliyochanika: hapa siti skani inatawala

Huu ndio ugonjwa ambao uchaguzi mbaya wa picha hugharimu zaidi. Ukuta wa ndani wa aorta unachanika, damu inajipenyeza kati ya tabaka zake, na mchaniko ukiwa kwenye sehemu inayopanda kutoka moyoni, kila saa inayopita bila upasuaji katika saa za mwanzo huongeza hatari ya kifo kwa asilimia 1 hadi 2. Maumivu huja ghafla na kwa ukali wake wote tangu mwanzo, mara nyingi hupasua mgongoni. Mapigo ya mkono wa kulia na kushoto yanaweza kutofautiana. Ubaya ni kwamba mchaniko ukiziba mlango wa mshipa wa kulia wa moyo, ECG huonyesha shambulio la kawaida la moyo, na daktari mwenye nia njema humchoma mgonjwa dawa ya kuyeyusha damu. Kwa aorta iliyochanika, dawa hiyo inaweza kuwa hukumu.

Siti skani yenye dawa ya kontrasti, ile yenye iodini inayochomwa mshipani ili damu ing'are, hugundua karibu kila mchaniko. Ikipigwa kwa kufuata mapigo ya moyo ni bora zaidi, kwa sababu mzizi wa aorta huchezacheza na mtikisiko wake unaweza kuchora mstari unaofanana na mchaniko ambao haupo. Pia inampa daktari wa upasuaji ramani: mchaniko unaanzia wapi, unaishia wapi, mishipa ya ubongo na ya figo inapata damu au la.

Eksirei kwenye swali hili ni shahidi asiyetegemewa. Katikati ya kifua kukiwa kumepanuka, shuku. Kukiwa kwa kawaida, usitulie: zaidi ya mgonjwa 1 kati ya 10 mwenye aorta iliyochanika huwa na eksirei isiyo na kasoro. Eko ya kifuani iko katikati. Inaweza kuonyesha kipande cha ukuta kikipepea ndani ya aorta, mzizi uliotanuka, valvu inayovuja, au damu kwenye mfuko wa moyo, na ukiona hivyo humsubiri mtu, unampigia simu daktari wa upasuaji. Usipoona, hujafuta kitu, hasa kwa sehemu ya aorta inayoshuka nyuma ya moyo.

Mshindani wa kweli wa siti skani ni eko ya kupitia umio. Probu inamezwa na kukaa nyuma kabisa ya moyo, na usahihi wake unakaribiana na wa siti skani, isipokuwa kipande kidogo kati ya sehemu inayopanda na upinde, ambacho hewa ya koo la pumzi hukificha. Inahitaji mtaalamu, inahitaji dawa ya usingizi au ya kutuliza, na kumsukumia mgonjwa probu akiwa macho huku presha iko juu ni hatari yenyewe. Mimi ningegawa hivi: mgonjwa ametulia, siti skani bila kusita, mgonjwa anayumba, chumba cha upasuaji moja kwa moja, na eko ya umio ipigwe humo akiwa amelazwa usingizi na timu imeshavaa glovu.

Kwa yule ambaye dalili ni hafifu na hatari yake ndogo, kipimo cha damu cha D-dima, mabaki ya damu iliyoganda na kuyeyuka, kikiwa chini ya 500 ng/ml husaidia kumwondoa kwenye foleni ya skani. Kwa mwenye dalili kali hakifai. Usipoteze saa moja ukikisubiri.

Donge la damu mapafuni: mashindano yaliyo karibu zaidi

Mchezo hubadilika hapa. Siti skani ya mishipa ya mapafu ndiyo kipimo kikuu, lakini haikamilishi kila kitu. Katika utafiti wa PIOPED II uliochapishwa mwaka 2006, iligundua asilimia 83 ya madonge na ikawatambua kwa usahihi asilimia 96 ya wasio nayo. Mashine za leo ni kali kuliko za wakati ule, ila funzo limebaki: skani safi kwa mtu ambaye kila dalili inapiga kelele za donge inastahili kuulizwa mara ya pili.

Eko haioni donge lenyewe isipokuwa kwa bahati, likiwa linaelea ndani ya moyo. Huona athari zake: ventrikali ya kulia, chemba inayosukuma damu mapafuni, imevimba, ukuta wake umelegea katikati huku ncha ingali inacheza, na ukuta wa kati umesukumwa upande wa kushoto. Kwa mgonjwa aliyetulia, eko ya kawaida haikanushi donge. Kwa mgonjwa ambaye presha imeanguka na hawezi kufika kwenye skani, ventrikali ya kulia iliyovimba pamoja na historia inayolingana hutosha kuanza matibabu, na miongozo ya Ulaya inaruhusu hivyo. Kinyume chake kina uzito uleule: presha iko chini na upande wa kulia uko sawa kabisa, basi donge silo linalomwangusha, tafuta kwingine. Tahadhari moja: ukuta wa kulia ukiwa mnene kupita milimita 5, huenda upande huo umekuwa ukihangaika miezi mingi kwa ugonjwa sugu wa mapafu, si tangu leo asubuhi.

Halafu kuna hila ya bei ndogo ambayo haitumiki vya kutosha. Shusha probu kwenye mapaja na nyuma ya goti, bonyeza mishipa. Mshipa usiobonyea una damu iliyoganda, na kwa mtu mwenye dalili za mapafu huo ni ushahidi wa kuanzia tiba bila skani. Kwa mjamzito hasa, njia hii hukwepa mionzi yote. Mguu ukiwa safi na shaka ikabaki, kipimo cha nyuklia cha kulinganisha hewa na damu mapafuni ni mbadala wa siti skani kwa mjamzito mwenye eksirei safi, au kwa mwenye aleji kali ya kontrasti.

Mishipa ya moyo: siti skani ya kuruhusu, angiografia ya kutibu

Angiografia ya katheta, ambayo Mason Sones aliianzisha kwa mishipa ya moyo huko Cleveland mwaka 1958, hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi mdomoni mwa mishipa ya moyo na kumwaga kontrasti. Katika mashine zote nilizozitaja ndiyo pekee inayopima na kutibu katika kikao kimoja: mshipa uliozibwa unaonekana, puto linapita, stenti, kijibomba cha kuuweka mshipa wazi, inabaki. Madhara makubwa ya angiografia ya uchunguzi hupata chini ya mtu 1 kati ya 100, lakini yapo: kuvuja damu, kiharusi, mshipa kuchanika.

Siti skani ya mishipa ya moyo haigusi moyo. Nguvu yake ni kukanusha. Kwa mtu mwenye maumivu ya kifua, ECG isiyo na dalili, troponini ya kawaida au yenye utata, na hatari ya wastani au ndogo, skani iliyo safi inamruhusu aende nyumbani kwa amani kubwa. Masharti yake ni mapigo karibu na 60 kwa dakika, ambayo mara nyingi hutafutwa kwa dawa ya kupunguza kasi, mdundo usiorukaruka, na uwezo wa kushika pumzi. Kwa mzee ambaye mishipa imejaa chokaa, weupe wa chokaa hutapakaa kwenye picha na kuufanya wembamba wa mshipa uonekane mbaya kuliko ulivyo; kwake skani hiyo mara nyingi huishia na "nenda ukafanyiwe angiografia", na huko ni kutwanga maji kwenye kinu.

Je, kumpiga kila mtu skani hii mapema kunasaidia? Uingereza ilijaribu. Utafiti wa RAPID-CTCA, uliochapishwa mwaka 2021, uliwahusisha wagonjwa 1,748 wenye hatari ya wastani, na kupigwa skani mapema hakukupunguza vifo wala mashambulio ya moyo ndani ya mwaka mmoja. Ninavyoisoma mimi, skani hii ni ya kuchagua watu, si ya kupitisha kila anayeingia. Na ile skani moja ya kutazama mishipa ya moyo, aorta na mapafu kwa mpigo? Inavutia kwenye karatasi. Huongeza kontrasti na mionzi, muda sahihi wa kunasa damu kwenye mishipa yote mitatu ni mgumu kuupata, na aghalabu huagizwa na mtu ambaye hajamsikiliza mgonjwa vya kutosha kujua anatafuta kipi.

Kuna kundi moja ambalo halipaswi kungoja: maumivu yanayoendelea licha ya dawa, presha inayoshuka, mdundo unaovurugika, au moyo unaoshindwa kazi. Hao, hata kama ST haijapanda, ni wa angiografia ndani ya saa 2.

MRI, kwa ufupi

MRI huona misuli ya moyo kuliko kipimo chochote, lakini haifai dhoruba ikiwa bado inavuma. Huchukua dakika 30 hadi 60 ndani ya bomba ambamo huwezi kumhudumia mtu moyo ukisimama. Zamu yake hufika baadaye: angiografia imekuta mishipa iko wazi, troponini iko juu, na hakuna anayejua kwa nini. Kwa siku chache zinazofuata MRI inaweza kutenganisha uvimbe wa misuli, shambulio dogo ambalo mshipa wake umejifungua wenyewe, na takotsubo, hali iliyoelezwa Japani mwaka 1990 ambamo ncha ya moyo huvimba kama puto, mara nyingi baada ya mshtuko wa kihisia. Betri ya moyo si kizuizi kama zamani; nyingi za sasa zinaruhusiwa kwa masharti, ila lazima aina yake ijulikane kwanza.

Mionzi, kontrasti na hofu zilizopitiliza

Dunia yenyewe hutupa wastani wa milisievati 2.4 za mionzi ya asili kwa mwaka. Eksirei moja ya kifua ni sehemu ndogo tu ya hapo, kati ya 0.02 na 0.1. Siti skani ya kifua na angiografia ya uchunguzi huzunguka 7, ingawa mashine mpya za siti skani ya mishipa ya moyo huweza kushuka chini ya nusu ya hiyo. Kwa kijana anayelalamika kuchomwachomwa kifuani, ambaye ameshapigwa skani mbili mwaka huu, namba hizo zina uzito. Kwa mtu wa miaka 60 mwenye maumivu yanayopasua mgongo, hazina.

Figo huogopwa kupita kiasi. Kontrasti inaweza kumdhuru ambaye figo tayari zimechoka, na kwa mgonjwa wa kawaida wa zamu ni busara kujua kiwango cha kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Kwa aorta inayochanika, kungoja majibu ya maabara ni kumlinda mgonjwa na tatizo la wiki ijayo huku la sasa likimmaliza. Na yule anayesema ana aleji ya samaki au kamba hakatazwi kontrasti kwa sababu hiyo. Aleji ya vyakula vya baharini haitokani na iodini. Aliyewahi kuidhihirisha dhidi ya kontrasti yenyewe ndiye wa kuchukuliwa kwa makini.

Picha zikipingana

Hali inayosumbua zaidi si kukosa mashine, ni kuwa na majibu mawili yasiyokubaliana. Eko iko sawa, ECG ya kwanza iko sawa, na mgonjwa bado anashika kifua. Hapo sikimbilii mashine kubwa zaidi. Narudia ECG baada ya dakika 15 hadi 30 na kila maumivu yanapobadilika, naweka pia vipokezi vya mgongoni V7 hadi V9, kwa sababu mshipa unaolisha ukuta wa nyuma unaweza kuziba kabisa na ECG ya kawaida ikanyamaza au ikaonyesha ST iliyoshuka mbele tu. Napima presha mikono yote miwili kama haijapimwa. Na kwenye fomu ya picha naandika swali, si jina la kiungo: "Je, kuna mchaniko wa aorta inayopanda?" badala ya "siti skani ya kifua", maana mtaalamu wa radiolojia huchagua muda wa kupiga picha baada ya kontrasti kuingia kulingana na swali aliloulizwa, na skani iliyopangwa kwa ajili ya mapafu inaweza kuipita aorta kabla damu yake haijang'aa.